Kiwanda Kikilala, Kilale Vipi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinasema jambo moja kwa sauti tofauti: oda zimepungua, stoo zimejaa, na wenye kiwanda hawajui wakaze wapi na walegeze wapi. Zile zilizouliza swali moja tumeziunganisha.

Tunatengeneza maboksi. Mteja wetu mkubwa ni wa biskuti, naye anaapa kwamba mauzo yake yameshuka kwa asilimia 10 tu. Mbona oda zake kwetu zimeshuka nusu? Anatuficha kitu?
*Msimamizi wa mauzo, Thika*

Huenda anasema kweli tupu. Tuchukulie alikuwa anatumia maboksi 100 kwa wiki, na kwa desturi anaweka akiba ya wiki nne, yaani 400. Mauzo yakishuka hadi 90, akiba ya wiki nne inakuwa 360. Ana maboksi 40 ya ziada. Wiki hiyo anahitaji 90, anatoa yale 40 stoo, anaagiza 50. Biskuti zimeshuka kumi katika mia. Kwenu imeonekana hamsini katika mia.

Hatari yenyewe inaanzia kwenu. Mkiamini kwamba soko sasa ni 50, mtaona akiba yenu ya maboksi 400 inatakiwa kuwa 200, na mtaacha kabisa kuagiza karatasi. Kinu cha karatasi kitaona sifuri. Lakini mteja akishamaliza kupunguza stoo yake, kuanzia wiki ya pili anarudi kuagiza 90. Hesabuni: 400 mkatoa 50, kisha 90, kisha 90, kisha 90. Mwisho wa wiki ya nne mmebaki na maboksi 80, hayatoshi hata wiki moja, na karatasi ya kutoka ng'ambo inaweza kuchukua miezi miwili kufika.

Jambo hili huitwa athari ya mjeledi: mkono ukitikisika kidogo kwenye mpini, ncha inaruka mbali. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alilieleza mwaka 1958. Baadaye kampuni ya Procter & Gamble ililiona kwenye nepi za Pampers: watoto wachanga hutumia nepi kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, lakini oda za wasambazaji zilikuwa zinapanda na kushuka ovyo. Na mwaka 2009 biashara ya bidhaa kati ya nchi ilipungua kwa takribani asilimia 12, ingawa pato lenyewe la dunia lilishuka kwa kiwango kidogo sana kuliko hicho. Sehemu ya tofauti hiyo ni stoo za watu zilizokuwa zinatolewa.

Kwa hiyo acheni kumuuliza mteja oda peke yake. Kila Jumatatu mwombeni namba tatu: ameuza kiasi gani wiki iliyopita, ana maboksi ya wiki ngapi stoo, na yapi yako njiani. Akisita, mpeni kitu: ahadi ya kupeleka mzigo mara mbili kwa wiki, ili yeye aweke akiba ya wiki mbili badala ya nne. Na karatasi msiipunguze zaidi ya kiwango ambacho biskuti zenyewe zimeshuka mpaka zipite walau wiki tatu. Ikifika wiki ya sita, stoo yake imeshapungua na oda bado ni 50, hapo ndipo mna haki ya kushuku kwamba amepata muuzaji mwingine.

Redioni tunasikia "faharasa ya mameneja wa manunuzi iko 48". 48 ya nini?
*Msomaji, Nairobi*

Ni ile inayoandikwa PMI. Kila mwezi mameneja wa kampuni mia kadhaa huulizwa kama mambo yamepanda, yamebaki palepale au yameshuka kuliko mwezi uliopita. Huchukuliwa asilimia ya waliosema "yamepanda", ikajumlishwa na nusu ya waliosema "palepale". Wakiwa 25 juu, 45 palepale na 30 chini, jibu ni 25 na 22.5, yaani 47.5. Chini ya 50 ni kusinyaa, juu yake ni kukua. Kushuka kutoka 55 hadi 51 bado ni kukua, kwa mwendo wa polepole zaidi, na magazeti hukosea hapo mara nyingi.

Kwa faharasa zinazotumia mizani ya kawaida, kama ile ya benki ya Stanbic kwa Kenya na Uganda, oda mpya hubeba asilimia 30, uzalishaji 25, ajira 20, muda wa kuletewa mzigo 15 na akiba ya malighafi 10. Ya Kenya haihusu viwanda peke yake. Imo kilimo, ujenzi, biashara na huduma.

Mtego upo kwenye muda wa kuletewa mzigo. Wauzaji wakichelewa, faharasa inapanda, kwa kudhaniwa kwamba wamezidiwa na oda. Mwaka 2020, bandari na viwanda vilipofungwa kwa sababu ya korona, ucheleweshaji huo ulipandisha faharasa wakati kazi imekufa. Tafuteni kifungu cha oda mpya, kisha kilinganisheni na cha akiba. Oda mpya zikiipita akiba miezi mitatu mfululizo, jambo linageuka. Kwa kupima ukali: Desemba 2008 faharasa ya viwanda ya Marekani ilishuka hadi kama 33.

Vitabu vyetu vinaonyesha faida, na bado mishahara ya tarehe 30 tunaikopa. Mkurugenzi anataka tuzalishe zaidi ili gharama ya kila katoni ishuke. Ni sawa?
*Mhasibu wa kiwanda cha sabuni, Mwanza*

Msizalishe zaidi. Tunaomba umwekee mkurugenzi hesabu hii mezani, kwa sababu kosa hili limeua viwanda vingi vilivyokuwa na bidhaa nzuri.

Chukulia gharama zisizobadilika (pango, mishahara ya kudumu, ulinzi, riba) ni shilingi milioni 60 kwa mwezi, malighafi ni 18,000 kwa katoni, bei ya kuuza ni 21,500, na soko linameza katoni 20,000. Mkizalisha 20,000, kila katoni inabeba 3,000 ya gharama zisizobadilika, jumla 21,000. Faida ni 500 kwa katoni, milioni 10 kwa mwezi. Fedha iliyoingia ni milioni 430, iliyotoka 420. Inalingana.

Sasa zalisheni 30,000. Kila katoni inabeba 2,000 tu, jumla 20,000. Mkiuza zilezile 20,000, vitabu vinasema faida ni milioni 30. Imekua mara tatu! Lakini fedha iliyoingia ni ileile 430, na iliyotoka ni milioni 540 za malighafi na 60 za gharama nyingine, jumla 600. Mmepungukiwa milioni 170. Ile faida mpya ya milioni 20 ni gharama zisizobadilika zilizofichwa ndani ya katoni 10,000 zilizolala stoo, 2,000 katika kila moja.

Na sabuni hailali bure. Sabuni ya mche hupoteza maji ikikaa, uzito ukashuka chini ya ule ulioandikwa kwenye karatasi yake, na mkaguzi wa viwango atapima uzito wa siku hiyo, si wa siku mliyoikata. Magadi makali yanyonya unyevu na kuganda yakiwa kwenye mifuko iliyofunguliwa. Mafuta ya mawese yanachacha.

Kisha pimeni siku za fedha. Chukua siku ambazo mali inakaa stoo, ongeza siku ambazo wateja wanakaa na deni lenu, toa siku ambazo nyinyi mnakaa na deni la wauzaji. Tuseme zamani zilikuwa 45, 40 na 30: siku 55. Kwa gharama ya milioni 14 kwa siku, fedha iliyofungwa ni milioni 770. Mdororo ukaja: stoo 60, wateja 65, na wauzaji wa malighafi wanataka fedha baada ya siku 20. Jumla ni siku 105. Hata kama gharama ya siku imeshuka hadi milioni 11, fedha iliyofungwa sasa ni milioni 1,155. Mauzo yamepungua kama moja ya tano, mahitaji ya fedha yameongezeka kwa nusu. Hapo ndipo mishahara ya tarehe 30 ilipokwenda.

Anzeni na wadaiwa, maana hapo kuna fedha ya haraka. Chukueni wateja kumi wenye deni kubwa na mkague ankara moja moja kabla ya kupiga simu: namba ya oda yao imeandikwa? Hati ya kupokelea mzigo imesainiwa? Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipo? Ankara nyingi zinazocheleweshwa zina kasoro ya aina hii, na mteja asiyetaka kulipa huifurahia kimyakimya. Kwa mwenye deni lililopita siku 60, mzigo mpya uwe kwa fedha taslimu pamoja na asilimia 20 ya deni la zamani kila safari. Msimkatie ghafla, akifunga duka mmepoteza lote.

Halafu chora jedwali la wiki 13: safu moja kwa kila wiki, juu fedha itakayoingia kwa jina la mteja, chini itakayotoka kwa jina la anayelipwa, na salio. Lirekebisheni kila Ijumaa. Benki ikionyeshwa upungufu wa wiki ya tisa leo, ina muda wa kuzungumza. Ikionyeshwa siku moja kabla ya mishahara, haina.

Uongozi umeamua kusimamisha laini mbili za plastiki na moja ya maboksi kwa miezi sita. Tumeambiwa "zimeni tu". Tufanye nini kabla ya kuzima?
*Fundi mkuu, Tanga*

Kwa Tanga, Mombasa au Mtwara, "zimeni tu" maana yake ni kutu. Mashine inayofanya kazi hujikausha kwa joto lake yenyewe. Iliyolala hunywa unyevu wa pwani usiku na mchana. Gharama ya kuilaza vizuri ni ndogo kuliko ya kununua mota moja kubwa.

Kabla ya kugusa swichi kuu, nakilini programu za vidhibiti vya mashine, zile PLC, na vipimo vyote vya kalibu kwenye kompyuta mbili tofauti. Vidhibiti vingi vya zamani hutunza programu kwa betri ndogo. Umeme ukiwepo betri huchoka polepole. Umeme ukikatwa miezi sita inaweza kuisha, na programu ikafutika. Betri mpya iwekwe umeme ukiwa bado umewashwa, la sivyo unapoitoa ya zamani kumbukumbu inaondoka nayo.

Mashine za plastiki: kama mlikuwa mnatumia PVC, isukumeni yote nje ya pipa la mashine kwa polietilini au polipropilini mpaka itoke safi. PVC ikibaki kwenye joto huoza na kutoa asidi ya haidrokloriki, nayo inakula skrubu na pipa. Kalibu zishushwe, mifereji ya maji ya kupoza ipulizwe kwa hewa kavu hadi isitoke hata tone, kisha zipakwe mafuta ya kuzuia kutu ndani na nje. Kalibu iliyobaki na maji ndani huziba kwa kutu, na siku ya kurudi bidhaa zinapinda kwa sababu upande mmoja haupoi.

Boila itakayolala zaidi ya mwezi ikaushwe. Itoeni maji ikiwa bado na uvuguvugu, ioshwe masizi upande wa moto (masizi yakikutana na unyevu huwa asidi), ifunguliwe ikauke, kisha ndani wekeni sinia za chokaa isiyozimwa, kama kilo 1 kwa kila mita ya ujazo, au silika jeli kama kilo 2.5 hadi 3. Sinia zisijae, maana chokaa huvimba ikinyonya maji. Fungeni milango na valvu zote, mkague kila baada ya miezi miwili. Kama mnaweza kuitwa kazini kwa taarifa ya siku tatu, njia ya maji ni bora: ijazwe mpaka juu kabisa pasibaki hewa, kwa maji yenye dawa ya kuondoa oksijeni na kipimo cha pH kati ya 10 na 11. Kosa baya kuliko yote ni kuiacha na maji nusu. Pale maji yanapokutana na hewa, chuma huliwa mstari mmoja kuzunguka boila nzima.

Mota na gia: zizungusheni kwa mkono kila wiki mbili, mzunguko mmoja na robo, ili mipira ya beringi isikae mahali palepale. Mikanda ilegezwe. Boksi za gia zijazwe mafuta juu ya kiwango cha kawaida ili meno yasibaki hewani, na wekeni kibao chekundu kinachosema hivyo, kwa sababu mtu akiwasha bila kupunguza atapasua sili. Kwenye paneli za umeme acheni hita ndogo ikiwaka. Msiifunge mashine kwa nailoni ya kubana mpaka chini. Watu hudhani wanaikinga, kumbe wanaifungia jasho lake. Tumieni turubai inayopumua, iwe wazi chini.

Tangi la kompresa litolewe maji. Jenereta iwashwe kila mwezi kwa nusu saa ikiwa na mzigo usiopungua theluthi moja ya uwezo wake. Ikinguruma bila mzigo, dizeli isiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi na pistoni. Na dizeli iliyokaa tangini miezi sita huwa na maji chini: fungueni koki ya chini kwanza.

Kuna uharibifu mwingine usiotokana na kutu. Laini iliyolala hugeuka stoo ya vipuri vya laini inayofanya kazi. Wiki hii kontakta, wiki ijayo sensa, mwezi ujao mota ya feni, na siku ya kuamka mnakuta mashine ni ganda. Wekeni daftari moja: hakuna kitu kinachotoka bila saini ya fundi mkuu, na kila kinachotoka kinaagizwa siku hiyohiyo. Pigeni picha kila paneli na kila upande wa mashine siku ya kuzima.

Siku ya kurudi, tengeni wiki mbili. Kila mota ya volti 400 ipimwe kwa mega, kile kipimo cha uzima wa kihami cha nyaya, ya volti 500. Iliyosoma chini ya megaomu 1 isiwashwe. Ikausheni kwa joto la taratibu mpaka ipande. Mota nzuri iliyokauka husoma makumi au mamia.

Mdogo wangu yuko kiwanda cha vipuri vya magari Stuttgart, Ujerumani. Amewekwa kwenye "Kurzarbeit". Ndiyo kufukuzwa kwa adabu?
*Msomaji, Moshi*

Hapana. Ni kazi ya saa pungufu, na mkataba wake uko palepale. Mwajiri anamlipa saa alizofanya. Wakala wa ajira wa serikali unafidia asilimia 60 ya mshahara halisi aliopoteza, au 67 akiwa na mtoto. Tuseme alikuwa anapeleka nyumbani yuro 2,000, na sasa kwa saa alizofanya anapata 1,200. Amepoteza 800, atafidiwa kama 480, jumla 1,680. Kwa kawaida sharti ni kwamba walau theluthi moja ya wafanyakazi wawe wamepoteza zaidi ya asilimia 10 ya mshahara, na upungufu wa kazi uwe wa muda.

Utaratibu huu ulithibitika mwaka 2009. Pato la Ujerumani lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5, watu kama milioni 1.4 wakawekwa kwenye saa pungufu, na ukosefu wa ajira haukupanda ila kidogo. Oda ziliporudi mwaka 2010 mafundi walikuwa bado wapo. Aprili 2020 idadi ilifika karibu milioni 6.

Mwambie mdogo wako aulize jambo moja: upungufu huu ni wa muda kweli? Mwaka 2009 wateja waliahirisha kununua magari yaleyale. Leo viwanda vya vipuri vya Ujerumani vinabanwa pia na nishati iliyopanda bei tangu 2022 na magari ya umeme ambayo hayahitaji pistoni, klachi wala ekzosi. Kama kipuri anachotengeneza ni cha injini, saa alizopunguziwa azitumie darasani. Kama ni breki, viti au nyaya, ana nafasi nzuri ya kuitwa saa zote.

Huku kwetu hakuna mfuko wa namna hiyo, na ndiyo maana waajiri hukimbilia kupunguza watu. Kumbukeni kwamba hilo nalo lina bei. Kenya, sheria ya ajira ya 2007 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na ofisa wa kazi, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tanzania ni siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10, na mashauriano ni ya lazima. Kabla ya kufika huko, wekeni mezani wiki ya siku nne kwa wote, kwa makubaliano ya maandishi. Fundi wa kalibu mliyemfunza miaka sita hamtampata tena kwa tangazo la gazeti.

Nauli za meli zimeshuka sana. Ni dalili ya mdororo?
*Wakala wa forodha, Mombasa*

Inaweza kuwa, lakini isisomwe peke yake. Faharasa ya Baltic, inayopima nauli za meli za mizigo mikavu kama makaa na nafaka, ilikuwa 11,793 Mei 2008, ikafika 663 Desemba mwaka huohuo. Hapo mzigo ulikatika kweli. Mara nyingine nauli hushuka kwa sababu meli nyingi mpya zilizoagizwa miaka ya neema zimeingia majini kwa pamoja. Angalieni idadi ya makontena bandarini. Nauli ikishuka na makontena hayajapungua, tatizo ni la wenye meli.

Bei ya koili za chuma imeshuka. Ninunue za mwaka mzima nikiwa na nafasi?
*Mtengeneza mabati, Kampala*

Kwanza ujue kwa nini imeshuka. Tanuri kubwa la kuyeyusha chuma kwa makaa halizimwi kama jiko. Likiwashwa hufanya kazi mfululizo miaka 15 au 20. Likipoa lenyewe, chuma na takataka zake huganda ndani na matofali yanapasuka. Kwa hiyo soko likipungua, wenye matanuri huendelea kuyeyusha hata kwa hasara, na chuma hicho hutafuta pa kwenda. China imekuwa ikitoa zaidi ya nusu ya chuma cha dunia, zaidi ya tani bilioni 1 kila mwaka kuanzia 2020 hadi 2024, na ujenzi wa nyumba kwao umepungua. Mwaka 2024 iliuza nje zaidi ya tani milioni 100. Marekani ilipandisha ushuru wa chuma hadi asilimia 50 Juni 2025. Mlango mmoja ukifungwa, mzigo hugonga mwingine, na mmoja wa milango hiyo ni wa kwenu.

Maana yake ni kwamba bei ya chini inaweza kukaa muda mrefu, au kushuka tena. Katikati ya 2008 koili zilipita dola 1,000 kwa tani. Kufikia mwisho wa mwaka zilikuwa kama nusu. Waliojaza maghala Julai waliuza mabati kwa hasara mwaka mzima, kwa sababu mteja hajali ulinunua kwa ngapi. Anajali jirani yako anauza ngapi leo.

Gawanya manunuzi. Hesabu muda kutoka oda hadi geti lako, tuseme siku 75, ongeza siku 20 za kuchelewa: hizo 95 ndizo akiba unayoihitaji, ikihesabiwa pamoja na mzigo ulioko majini. Agiza theluthi moja kila mwezi badala ya yote kwa mara moja. Ukikopa kwa dola na kuuza kwa shilingi, bei nafuu ya koili inaweza kuliwa yote na kushuka kwa shilingi ndani ya miezi sita. Na usiiache koili iliyopakwa zinki imelala ghalani msimu wa mvua: maji yakiingia kati ya mikunjo huacha unga mweupe, na bati hilo utaliuza daraja la pili.

Kuna swali dogo ndani ya barua yako kuhusu ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu Julai 2022 kuna daraja la nne la asilimia 35, na baadhi ya bidhaa za chuma zimo. Ushuru huo unamkinga mtengeneza mabati dhidi ya bati lililokamilika kutoka nje. Haumkingi dhidi ya mwenzake wa Kampala aliyenunua koili mwezi mmoja baadaye kwa bei ya chini.

Tutajuaje kwamba soko limeamka, na tuanze na nini?
*Mkurugenzi wa kiwanda cha nguo, Arusha*

Angalia wanaokutangulia: wauza maboksi, nyuzi, rangi na vifungo. Wao wakianza kukuambia "subiri wiki tatu" badala ya "tunaleta kesho", mjeledi umegeuka. Ndani ya kiwanda, tazama oda ndogo za dharura. Mnunuzi aliyemaliza stoo huagiza kidogo na haraka kabla ya kuthubutu oda kubwa.

Watengeneza magari walijifunza hili kwa gharama. Mwanzoni mwa 2020 wengi walifuta oda za chipu. Viwanda vya chipu vikaigeuzia nafasi hiyo kwenye kompyuta na simu, na magari yalipohitajika mwishoni mwa mwaka foleni ilikuwa imeshajaa. Mwaka 2021 laini za magari zilisimama kwa kukosa kipande cha dola chache. Toyota ilisimama baadaye kuliko wengine kwa muda, kwa sababu baada ya tetemeko la 2011 iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya chipu ya miezi kadhaa. Kwa hiyo orodhesha vitu visivyozidi ishirini ambavyo vikikosekana laini inasimama na vinachukua zaidi ya miezi miwili kufika: sindano za aina fulani, beringi, kadi za umeme. Hivyo viwe na akiba hata sasa.

Watu wako wa saa pungufu wasifagie tu. Mwaka 2008 Toyota ilisimamisha laini za magari makubwa Texas na Indiana kwa miezi kama mitatu bila kuwafukuza wafanyakazi wa kudumu. Walifundishwa na kurekebisha vituo vyao vya kazi. Mshonaji wa kola ajifunze mikono. Fundi ajifunze mashine ya pili. Kila mtu akijua kazi mbili, utaweza kurudi na watu 80 pale ulipohitaji 100.

Na fedha. Viwanda vingi vilivyovumilia mdororo mzima hufia hapa. Oda zikipanda kwa asilimia 30, kiwanda chenye matumizi ya malighafi ya milioni 200 kwa mwezi kinahitaji 260. Mnunuzi akilipa baada ya siku 60 na ushonaji ukichukua 30, umetoa milioni 60 za ziada mara tatu kabla shilingi ya kwanza ya oda mpya haijarudi: milioni 180, na zamu ya pili ya mishahara juu yake. Nenda benki na hesabu hiyo sasa, wakati mauzo ni madogo na deni lako ni dogo. Omba kikomo kiidhinishwe, hata kama hutakigusa mpaka oda zije. Kwa mnunuzi mpya, omba malipo ya awali ya asilimia 30 yanayolipia kitambaa. Akikataa, punguza oda yake hadi kiasi ambacho kitambaa ulichonacho stoo kinatosha.